Mama amepandikizwa figo na anajisikia mzima: je, apunguze dawa?

Ndugu uliyeuliza, pole kwa kuuguza, na hongera kwa mama kufikisha miezi minane na figo mpya. Umeeleza kwamba kreatinini yake (taka ya kwenye damu inayopanda figo ikilemewa) iko vizuri, dawa ni ghali, na sasa anafikiria kumeza mara moja kwa siku badala ya mbili ili zimfikishe mbali. Tafadhali mzuie. Mimi nilipandikizwa figo ya dada yangu mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya Muhimbili kuanza huduma hiyo, na ninajibu kama mgonjwa, si kama daktari.

Kinga ya mwili wa mama haijaizoea figo ile, imetulizwa tu. Takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni ndizo zinazoituliza, na dozi zikipungua kinga huweza kuishambulia figo bila maumivu yoyote, mpaka kreatinini ipande ndipo mgonjwa ashtuke. Uzima anaousikia ni kazi ya dawa hizo hizo anazotaka kuzipunguza.

Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12; mimi humeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, safarini na nyumbani. Siku ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu, asimeze ya asubuhi kabla ya kutolewa damu, kwa sababu kinachopimwa ni kile kilichobaki tangu usiku. Mimi huenda na kapsuli zangu mfukoni na kuzimeza pale pale, pamba ikiwa bado imebanwa mkononi.

Kosa langu kubwa halikuwa kuruka dozi, bali kuongeza dawa nyingine. Nilipata kikohozi, nikanunua erithromisini katika duka la dawa la mtaani bila kueleza kwamba nimepandikizwa, wala muuzaji hakuuliza. Baada ya siku chache mikono ilitetemeka hata chai ikamwagika kwenye kisahani kabla kikombe hakijafika mdomoni. Dawa ile huzuia ini kuivunja takrolimasi, kwa hiyo kiwango kilikuwa kimepanda mno na kreatinini nayo ilipanda. Nashukuru kliniki iliniwahi. Flukonazoli ya fangasi hufanya vivyo hivyo, na balungi pia, ndiyo maana halikatizi tena mezani kwangu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake: hukishusha kiwango hadi figo ikabaki bila ulinzi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mama zetu huzimeza kwa maumivu ya magoti, huiumiza figo yenyewe. Dawa za mitishamba naziogopa zaidi, maana hakuna ajuaye kilichomo. Akiharisha au kutapika, apigiwe daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuharisha kunaweza kupandisha takrolimasi.

Kuhusu gharama, waelezeni kliniki mapema, wiki kadhaa kabla kapsuli hazijaisha, na mfike pia kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Msikubali kubadilishiwa aina nyingine ya takrolimasi dukani bila kliniki kujua, hasa ile ya kumeza mara moja kwa siku, kwani kiwango kinaweza kubadilika na kitahitaji kupimwa upya.

Leo usiku hesabu naye kapsuli zilizobaki na ulinganishe na tarehe alizopewa. Zikizidi, ujue ameshaanza kuruka. Kesho asubuhi wapigie kliniki uwaambie idadi kamili, na asijaribu kufidia kwa kumeza dozi mbili kwa pamoja.