Mashine ya CT Scan: imepimwa, imerekebishwa au imegezwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nipo kitengo cha mionzi hospitalini hapa Kigoma. Fundi akimaliza kazi kwenye mashine ya CT Scan, mimi ndiye ninayejaza daftari. Nikiandika "mashine imepimwa", mkuu wangu anafuta na kuandika "imerekebishwa". Wenzangu husema "imesetiwa". Tuandike lipi?

JIBU: Marahaba. Andikeni "imegezwa".

Kupima ni kutafuta kiasi usichokijua, na hiyo ndiyo kazi ya mashine kwa mgonjwa. Fundi hufanya kinyume chake: anaipa mashine kitu ambacho jibu lake linajulikana tayari, aone kama italitoa. Kurekebisha nako ni kuondoa kasoro, na mara nyingi fundi hakuti kasoro yoyote. Mkaguzi akisoma "imerekebishwa" kila ukurasa, ataamini mna mashine mbovu. "Kuseti" ni neno zuri la mdomoni, ila halisemi kitu kimelinganishwa na nini.

Kugeza ni kulinganisha kitu na kielelezo kinachokubalika, na kutoka humo tumepata "kigezo". Shirika la Viwango Tanzania huiita kazi hiyo ugezi, kwa hiyo neno lipo kazini tayari. Mizani ya dagaa pale Kibirizi hugezwa kwa jiwe la uzito unaojulikana. CT Scan hugezwa kwa maji. Namba inazotoa kwa kila kitu inachokipiga picha huitwa vizio vya Hounsfield. Katika vizio hivyo, vya Mwingereza aliyepata Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, maji husomeka 0 na hewa hasi 1000.

Hapa ndipo ninapotaka mwe makini zaidi, kwa sababu kitenzi hiki kikisimama peke yake hakijasema kitu. Imegezwa kwa nini? Kwa umeme wa kilovolti ngapi? Chukua mgonjwa mwenye kivimbe kwenye figo. Mnampiga picha, mnamchoma dawa ya kontrasti, ile ya kung'arisha picha, mnampiga tena, kisha daktari anachukua namba ya kivimbe kwenye picha ya pili, anaiondoa ile ya kwanza. Kwa kawaida ongezeko lililo chini ya 10 huhesabiwa kuwa kivimbe hakikung'aa, yaani hakikupokea dawa. Kuanzia 20 kimeng'aa kweli. Katikati ni mashaka. Mashine ikizidisha vizio 4 kila mahali, kosa hilo linajifuta lenyewe kwenye kutoa. Lakini dawa ile ina iodini, madini joto yaleyale yanayotiwa kwenye chumvi ya Uvinza, na mashine ikiyasoma pungufu kwa sehemu moja ya kumi, ongezeko la 21 linashuka hadi 19. Kivimbe kimeingia kwenye mashaka, na maji bado yanasoma 0!

Vivyo hivyo kwa umeme wa mrija unaotoa mionzi. Iodini hung'aa zaidi kwenye kilovolti 80 kuliko kwenye 120, ilhali maji yakigezwa vizuri husoma 0 kotekote. Picha mbili za mgonjwa mmoja zikipigwa kwa kilovolti tofauti, tofauti ya namba zake si ya kuaminika.

Kwa hiyo anayetaka kuamini namba za kontrasti anahitaji magezo mawili: la maji, na la vichupa vya iodini ambayo kiasi chake kinajulikana, kwa kilovolti zilezile mnazotumia kwa wagonjwa. Daftari litaje yote mawili. Mfano: "Mashine imegezwa kwa maji, kilovolti 120, maji yamesoma 2. Imegezwa pia kwa vichupa vya iodini, kilovolti 120, namba zilizosomeka zimeambatishwa." Na siku fundi atakapogusa kitu kweli, mkuu wako apewe neno lake: "ikarekebishwa, ikagezwa upya", kwa mpangilio huohuo, kwa maana mashine iliyorekebishwa bila kugezwa tena haijawa tayari kwa mgonjwa.