Taharuki si hofu tu: maana, matumizi na asili yake

Mkuu, umeuliza kama "taharuki" ni hofu iliyovaa nguo ya gazetini, ukatoa sentensi hii: "Usiku alikaa chumbani peke yake, taharuki imemjaa." Jibu langu ni hapana, na sababu imo kwenye asili ya neno.

Limetoka Kiarabu, mzizi h-r-k. Taharraka kwa Waarabu ni kusogea, kujongea, basi, woga haumo. Ndugu zake tunao: haraka na harakati. Waswahili ndio walioingiza hofu humo, lakini ule mwendo haukutoka. Taharuki ni hofu yenye miguu.

Chukua stesheni ya Tabora, njia ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana. Usiku mabehewa yanakatwa na kuunganishwa upya. Behewa linapogongwa, abiria aliyelala anagutuka: macho yanafunguka ghafla, mkono unadaka ukingo wa kiti, kisha anarudi kulala. Huo ni mshtuko, haufiki hata dakika. Sasa mtu apite akisema, "Hili linakwenda Mwanza!" Wa Kigoma wote wananyanyuka, mabegi yanashushwa, watoto wanaitwa kwa majina, mlangoni hapapitiki. Hapo ndipo pa kuandika: taharuki imezuka.

Katikati ya watu hao yupo aliyekamata ndala moja, begi kaliacha, anazunguka palepale. Huyo ana kiwewe: hofu imemvuruga akili, anatenda lakini hajui atendalo. Na yule aliyesimama mdomo wazi, hasogei wala hasemi, amepigwa na butwaa. Ukimwandikia huyu "ametaharuki" umekosea kabisa, maana hajasogeza hata unyayo.

Angalia pia kitenzi kinachotangulia, wengi wanateleza hapa. Hofu humwingia mtu. Kiwewe humshika au humpata. Butwaa na bumbuazi humpiga. Taharuki huzuka au hutanda, kwa kuwa kwa kawaida ni ya kundi: ya soko, ya mwalo, ya mtaa mzima. Upepo ukibadilika ghafla ziwani, mvuvi wa dagaa huingiwa na hofu akiwa mtumbwini. Taharuki hutanda Kibirizi, mwalo wa Kigoma, kwa wanaokimbilia ufukweni kuhesabu taa zinazorudi.

Kisarufi, ni nomino na ni kitenzi pia. Kwa kuwa kitenzi chenyewe ni cha mkopo na kinaishia na -i, irabu hiyo haibadiliki: nataharuki, sitaharuki, hawakutaharuki. "Hataharuka" si sahihi. Kumtia mtu hali hiyo ni kumtaharukisha, na mwenye nayo ametaharuki. "Ametaharukika" ni kurefusha neno bila faida.

Wanafunzi wa fasihi wanalijua kwa maana nyingine: ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Watu huona maana hizi mbili hazihusiani. Mimi naona zinahusiana sana, maana moyo wa msomaji hautulii, na mkono unafunua ukurasa kabla jicho halijamaliza mstari.

Kwa hiyo sentensi yako iandike hivi: "Usiku alikaa chumbani peke yake, hofu imemjaa." Taharuki ibakize kwa majirani, pale atakapopiga yowe na milango ya mtaa mzima ikafunguka.