Maswali ya Wasomaji: Faili lipo, jaribio linasema halipo

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina programu ya wavuti niliyoiandika kwa Flask (maktaba ya Python ya kutengenezea wavuti), inaonyesha vituo vya mwendokasi kuanzia Kimara hadi Kivukoni. Majina ya vituo inayasoma kwenye data/vituo.csv. Nikiendesha pytest (zana ya kuendesha majaribio) kwenye terminali, majaribio yote yanapita. Nikiyaendesha kwa kitufe cha PyCharm, programu ninayoandikia kodi, napata FileNotFoundError, yaani faili halijapatikana. Faili naliona kwa macho! Nifanyeje? – Msomaji, Sinza

JIBU: Faili lipo, ila Python inalitafuta kwingine. open("data/vituo.csv") haianzii kwenye folda yenye kodi yako, inaanzia pale programu ilipowashiwa. Kwenye terminali ulikuwa kwenye folda kuu ya mradi, basi likapatikana. PyCharm mara nyingi huanzia kwenye folda ya faili la jaribio, kwa hiyo linalotafutwa ni tests/data/vituo.csv. Weka import os na print(os.getcwd()), inayoonyesha folda ya kuanzia, juu ya mstari unaoleta kosa, uendeshe kwa njia zote mbili, uone tofauti.

Wengi hukimbilia kuongeza "../" au kugusa mipangilio ya PyCharm. Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu tu: kwako itapita, kwa mwenzako itakwama. Anzia mahali faili la kodi lenyewe lilipo:

from pathlib import Path
VITUO = Path(__file__).resolve().parent / "data" / "vituo.csv"

Hapa data iko folda moja na faili hilo la kodi. Kama kodi imo ndani zaidi, ongeza .parent kwa kila ngazi. Unaweza pia kutumia current_app.root_path, folda ya programu kama Flask inavyoijua, lakini kwenye jaribio lazima uitangulize na with app.app_context():, la sivyo utaambiwa "Working outside of application context". Kwa kusoma CSV tu, huo ni usumbufu usio na sababu.

Kisha ifanye fanksheni inayosoma vituo ipokee njia ya faili, def soma_vituo(njia=VITUO), ili jaribio lisitegemee data halisi:

def test_soma_vituo(tmp_path):
    f = tmp_path / "vituo.csv"
    f.write_text("Kimara\nUbungo\n", encoding="utf-8")
    assert soma_vituo(f) == ["Kimara", "Ubungo"]

tmp_path ni folda ya muda ambayo pytest inaunda upya kwa kila jaribio. Kuhakikisha umepona, andika jaribio jingine linaloita monkeypatch.chdir(tmp_path) kwanza (kifaa cha pytest kinachohamishia programu kwenye folda hiyo), halafu soma_vituo() bila kuipa kitu. Likipita hapo, litapita popote utakapoliwashia.

SWALI: Kwenye Windows yangu majaribio yanapita, kwenye seva ya Linux yanafeli. Njia niliyoandika ni "data\Stendi.csv". – Msomaji, Mbagala

JIBU: Kwa Linux, \ si alama ya kutenganisha folda, inatafuta faili moja lenye jina hilo zima. Tumia / au Path. Na una bahati jina linaanza na S: ungeandika "data\vituo.csv", Python ingeigeuza \v kuwa herufi isiyoonekana, na hata Windows isingelipata.

Baada ya hapo angalia herufi kubwa na ndogo. Windows kwa kawaida haijali, Linux inaona Stendi.csv na stendi.csv kuwa mafaili mawili. Kama unatumia git, zana ya kutunza matoleo ya kodi, endesha git ls-files data usome jina ambalo git inalo. Kama limekosewa, lirekebishe kwa git mv. Kama halimo kabisa, fungua .gitignore, orodha ya mafaili ambayo git inayaruka: huenda kuna mstari wa *.csv.