Kwa wanaopanda kwenda Amani kuchora

Kundi jipya la residensi, wasanii wanaokuja kukaa na kuchora kwa muda, limeshafika Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, na picha zimeanza kunifikia kwenye simu. Simba aliyefungwa macho kwa bendera ya Kijerumani. Simba ndani ya fremu ya dhahabu. Simba analia. Wadogo zangu, nawapenda, lakini Amani hakuna simba. Kuna mbega, kuna vinyonga na kuna konde la chai. Chorani mlichokifuata.

1. Kuhnert muacheni apumzike. Kila anayesoma sanaa ya kikoloni ya Afrika Mashariki huanzia kwa simba wa Wilhelm Kuhnert, mchoraji wa Kijerumani aliyefika huku mara ya kwanza mwaka 1891, na wengi huishia hapo hapo. Kama ni lazima umguse, tafuta alichochora Mahenge mwaka 1905, Maji Maji ilipolifikia boma naye akiwa huko. Mkono ni ule ule uliochora simba.

2. Karatasi fungeni kwenye nailoni. Mvua ya hapa inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hauheshimu karatasi ya bei mbaya. Rangi ya mafuta msibebe kabisa.

3. Msichume. Hii ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na kibali cha kuchora si kibali cha kung'oa. Lala kifudifudi uchore ua lilipo. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, yeye alichukua. Mwaka 1893 ua likapewa jina lake huko Ujerumani, Saintpaulia (ndilo lile liitwalo African violet), na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima huku ndugu zake wa porini wakibaki kwenye miamba michache yenye kivuli. (Siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi, yaani kundi la mimea, ya Streptocarpus. Baron ameshushwa cheo bila msaada wa msanii yeyote.)

4. Ujue mti kabla hujaupigania. Hapa nitakaa kidogo.

Residensi yangu ya kwanza nilikuja na pendekezo zito: kuzijibu zile picha za kikoloni zinazoonyesha msitu mtupu, usio na watu. Nikatandaza turubai refu ukuta mzima. Katikati nikauweka mti mmoja niliouona kila nilikopita, shina limenyooka, gome la kijivu, na ndani ya shina nikachora nyuso za wazee. Mababu. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: MSITU KABLA YA MGENI. Siku ya studio wazi wageni kutoka Dar na Ulaya wakapiga picha, wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kisomi. Nikavimba.

Kisha akaingia mzee mmoja anayeongoza wageni msituni. Akaangalia muda mrefu. "Mwanangu, huu si msizi?" Ndiyo, mzee. "Huu kwao Bukoba na Uganda. Hapa waliupanda Wajerumani. Wapasua mbao walipoufungua msitu, hondohondo wakala matunda yake na kumwaga mbegu kila penye mwanya." Akasogea karibu na zile nyuso. "Sasa hawa wazee wetu umewapandisha huko kutafuta nini?"

Usiku nikafungua kitabu. *Maesopsis eminii*. Eminii, yaani Emin Pasha. Mababu wa Wasambaa nilikuwa nimewafungia ndani ya mti wenye jina la afisa wa kikoloni.

Hilo lingeweza kusameheka, maana kutojua hakuui. Kilichonichoma ni asubuhi yake. Msimamizi wa maonyesho aliponiuliza kuhusu msizi, nilimtazama machoni nikasema ni makusudi. Ni kejeli, nikasema. "Mgeni aliyevaa sura ya mwenyeji." Sijui sentensi ile ilitoka wapi. Akaipenda, akaichapa kwenye katalogi, na yule mzee hakutajwa popote. Nilipokutana naye njiani akanisalimia kwa upole kama kawaida, nami nikajifanya nina haraka.

Katalogi ipo bado. Juzi mmoja wenu ameninukulia sentensi hiyo hiyo kwenye pendekezo lake na kuiita msingi wa kazi yake. Kijana, futa.

5. Siku za mwanzo tembea na mwongozaji bila daftari, na umlipe posho yake siku hiyo hiyo, siyo "tukimaliza mradi". Jina lake liandikwe ukutani pamoja na lako.

6. Taarifa ya msanii ikizidi ukurasa mmoja, rudi kwenye picha, haijaisha.

7. Studio wazi msiiweke saa nne asubuhi. Saa hizo wachuma chai wako kondeni, mtabaki kuonyeshana wenyewe kwa wenyewe na mtu wa ubalozi. Subirini jioni, majani yakishapimwa. Watakuja na watoto, watagusa turubai, watawaambia mkono wa yule mama mmeuchora kama wa mtu ambaye hajawahi kuchuma. Soda ziwe za kutosha.