Barua kwa mwanangu: lile doa jekundu juu ya Virunga

Mwanangu,

Huku Goma tuko salama. Unauliza kama volkano yetu ya Nyamulagira inatengeneza ozoni, kwa kuwa ramani ya ozoni ya setilaiti imeonyesha doa jekundu juu yake siku ilipolipuka. Mimi nianze na chombo. Chombo hakipimi ozoni, mwanangu. Kinapima mwanga.

Mwanga wa jua hugonga hewa, sehemu yake ikarudi juu, chombo kikailinganisha na mwanga uliokijia moja kwa moja kutoka juani. Katika urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 317 ozoni hufyonza mwingi, kwenye 331 kidogo, kwenye 360 karibu haifyonzi kitu. Hapo unapata weupe wa mawingu na ardhi. Tofauti hizo ndizo zinazogeuzwa kuwa namba. Dobson ni kipimo cha ozoni: Dobson 270 maana yake ozoni yote ya juu yako, ukiishusha hadi usawa wa bahari kwenye nyuzi 0, ni tabaka la milimita 2.7 tu.

Sasa dioksidi ya salfa (nitaiita salfa tu), gesi ya volkano ile inayosaidia kula mabati ya shangazi yako kule Sake, hufyonza mwanga huohuo. El Chichón ya Meksiko ilipolipuka mwaka 1982, TOMS, chombo kilichorushwa ndani ya Nimbus-7 mwaka 1978, kilionyesha ozoni nyingi ajabu juu ya wingu la volkano. Mwanasayansi Arlin Krueger akatambua kuwa ni salfa. Jambo hilo hunifurahisha hadi leo: kilichoharibu kipimo kimoja kikazaa kingine, na tangu hapo salfa ya volkano inahesabiwa kutoka angani.

TOMS ilisoma urefu wa mawimbi sita tu. TROPOMI, chombo kipya zaidi kilicho angani tangu 2017, inasoma mamia, na kila gesi ina michirizi yake. Basi haichanganyi tena? Hapana, siwezi kusema hivyo. Salfa ikiwa nzito mno bado inasumbua, majivu nayo hufyonza urujuanimno, na ozoni iliyo chini ya mawingu hukadiriwa tu.

Achana na picha, fungua faili ya data. Tazama alama ya ubora ya kila pikseli. Linganisha na salfa iliyopimwa katika mzunguko uleule wa setilaiti: je, madoa yamekaa mahali pamoja? Kisha soma masalio, yaani tofauti ya mwanga uliopimwa na ule uliokokotolewa. Yakipanda ndani ya doa peke yake, namba hiyo usiiamini.

Ulimi unaniwasha nikuambie doa lako ni nini. Lakini picha haibebi masalio, na chombo kinapima mwanga. Nitumie kwanza hayo masalio, pamoja na ya siku iliyotangulia mlipuko.

Baba yako