Mume hataki kulala na mashine ya hewa. Nifanyeje?

SWALI: Mume wangu amepimwa usingizi na majibu yanasema pumzi yake inakatika au kupungua sana mara 38 kwa saa. Amepewa mashine ya CPAP, inayosukuma hewa ili koo lisizibe usingizini, na barakoa inayofunika pua na mdomo. Hii ni wiki ya tatu. Usiku wa kwanza aliivaa dakika ishirini, akaivua. Anasema anakosa hewa, upepo unampiga machoni, na kwamba hajafikia umri wa kulala na mpira usoni. Nikimkumbusha, tunagombana. Nimsaidieje bila kuwa askari wake?

JIBU: Dada, pole na hongera kwa pamoja, maana umetuandikia maneno yake yalivyo, na humo ndimo dawa ilimo. Mumeo hajasema tu kwamba hataki mashine. Amesema mambo matatu: anakosa hewa, anapulizwa machoni, anaona aibu. Kila moja lina chanzo chake na tiba yake. Mkiyachanganya mtabishana mpaka mashine irudishwe sandukuni.

Kwanza mjue uzito wa hiyo 38. Chini ya mara 5 kwa saa ni hali ya kawaida, 5 hadi 15 ni nyepesi, 15 hadi 30 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Na mkato hauhesabiwi mpaka udumu angalau sekunde 10. Yeye hausikii, kwa hiyo ni vigumu kuuamini. Akikubali (na mwombe ruhusa mchana, usimvizie), mrekodi kwa simu dakika mbili tatu akiwa amelala bila mashine: mkoromo, kimya, kisha kule kushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Mwonyeshe mara moja, halafu usiirudie video hiyo kwenye mabishano.

Sasa kukosa hewa. Mtu ashangae: mashine inasukuma hewa, inakuwaje aikose? Muulize swali moja tu: ugumu uko kwenye kuvuta pumzi au kutoa? Mashine nyingi huanza na msukumo mdogo kabisa, 4 kwa kipimo cha sentimita za maji, kisha hupanda taratibu hadi kiwango alichopangiwa. Kwa baadhi ya watu wazima, hasa ndani ya barakoa kubwa, 4 ni kidogo mno. Hewa waliyokwisha kuitoa haiondoki upesi, nao hujihisi wamefunikwa blanketi. Kama ugumu ni kuvuta, kliniki ipandishe msukumo wa kuanzia, pengine hadi 6. Kama ugumu ni kutoa, mashine nyingi zina kitufe cha kulegeza hewa wakati wa kutoa pumzi, mara nyingi chenye ngazi 1 hadi 3. Kiwango chenyewe cha tiba msikiguse nyumbani. Hicho ni cha kliniki.

Mwili nao unahitaji kuzoeshwa, na kosa la wengi ni kuanza mazoezi usiku, mtu amechoka na taa zimezimwa. Aanze mchana, akiwa macho, ameketi mbele ya televisheni. Siku mbili za mwanzo ashike barakoa usoni kwa mkono wake, bila mikanda wala mpira wa kuleta hewa kutoka kwenye mashine, dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Kisha afunge mikanda. Kisha aunganishe mpira na kuwasha hewa, bado ameketi, dakika 15 mpaka 30. Baada ya hapo ajilaze nayo mchana bila kulazimika kusinzia. Usiku unakuja mwisho. Hofu ikipanda, arudi hatua moja nyuma na akae hapo siku nyingine mbili. Huko si kushindwa.

Kuna zoezi dogo tunalolithamini kuliko yote. Mahali mpira unapoungana na barakoa mara nyingi pana kiungo kinachobanduka kwa kubonya pembeni. Mumeo afumbe macho akibandue na kukirudisha, mara kumi mfululizo, mpaka vidole vikijue gizani. Mtu anayejua kwamba anaweza kujitoa kwa sekunde moja huacha kupambana na barakoa. Mweleze pia kwamba barakoa ya pua na mdomo ina kilango kinachofunguka chenyewe umeme ukikatika, akaendelea kuvuta hewa ya chumbani.

Upepo wa machoni ni habari ya kufunga vibaya, na hapa wengi hukaza. Ukiitazama kwa karibu barakoa ya silikoni utaona ukingo wake una ngozi mbili: ya ndani ngumu kidogo, ya nje nyembamba na laini. Hiyo ya nje hujazwa na hewa yenyewe, ikalala usoni kama mto. Ukikaza mikanda unaibana isivimbe, hewa inatafuta njia juu ya pua, karibu na jicho, nawe unakaza tena. Asubuhi ana alama nyekundu na barakoa bado inavuja.

Ifungeni upya hivi. Alale kama anavyolala siku zote, kwa mto wake, mashine ikiwa imewashwa na msukumo umefika kiwango cha kazi. (Uso wa mtu aliyelala si ule wa mtu aliyeketi, nyama za mashavu huhama.) Legezeni mikanda yote. Inueni barakoa kidogo mbele, ukingo ujae hewa, kisha ishusheni polepole. Kazeni mikanda ya chini, kushoto na kulia kwa pamoja, halafu ya juu, na muishie pale uvujaji unapokoma. Kidole kipite chini ya mkanda bila shida. Uso uoshwe kabla ya kulala na usipakwe mafuta panapogusa silikoni. Ndevu zikiwa nyingi pembeni mwa mdomo, pia huvujisha.

Ikishindikana, ombeni kubadilisha barakoa. Kama pua yake haizibi, barakoa ya pua tu, au ile yenye vipira viwili vinavyokaa kwenye tundu za pua, ni nyepesi, haifuniki macho, na mtu anaweza kuvaa miwani na kusoma. Kwa maoni yetu wengi hupewa ya pua na mdomo mapema kuliko ilivyohitajika. Aliyezoea kupumua kwa mdomo kwa sababu ya mafua ya mzio atibiwe pua kwanza, kwa maji ya chumvi ya kusafishia na dawa ya kupuliza atakayoandikiwa. Asibandike plasta mdomoni kuziba hewa, hasa pua ikiwa nzito.

La aibu tunaliomba ulibebe wewe kwa upole, kwa sababu huenda ndilo zito kuliko yote. Mwanamume anaogopa kuonekana mzee na mgonjwa mbele ya mkewe, kitandani mwake. Barakoa isiwe kitu cha kwanza mnapopanda kitandani. Zungumzeni, mkaribiane, mcheke, na aivae wakati wa kugeuka kulala. Mwambie unachokipata wewe: kwamba ulilala usiku kucha, kwamba hukukesha ukisikiliza kama pumzi inarudi.

Kukumbusha nako kuna namna yake. Afikianeni mchana: akiivua usingizini, umwamshe au umwache? Akisema umwamshe, mguse bega, sema neno moja, basi. Akisema umwache, mwache. Asubuhi usianze na idadi ya saa alizovaa. Uliza, "Jana ilikusumbua wapi?" na andikeni jibu, mlipeleke kliniki. Maji na usafi mfanye pamoja wiki mbili za kwanza, kisha umwachie. Ukingo wa barakoa huoshwa kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, tangi la maji yanayoongeza unyevu kwenye hewa humwagwa kila asubuhi, mpira huoshwa mara moja kwa wiki na kuning'inizwa ukauke. Tangini tumieni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, kwa sababu maji ya bomba huacha ukoko wa madini.

Wakati mnajifunza, alale ubavu na aache pombe jioni. Dawa za usingizi asitumie bila daktari wake kujua. Kama anasinzia kwenye usukani, asiendeshe hadi tiba ikae sawa. Hilo halina kujadiliana.

SWALI: Mke wangu anaivaa vizuri lakini ikifika saa tisa usiku anaivua. Saa nne au tano si zinatosha?

JIBU: Ni mwanzo mzuri, ila hazitoshi. Usingizi wa ndoto huwa mwingi zaidi kuelekea alfajiri, na ndio unaolegeza misuli ya koo kuliko mwingine, kwa hiyo anaivua saa ambazo pumzi yake inaweza kukatika zaidi. Tafuteni kinachomwamsha. Mdomo ukiwa mkavu, pandisheni unyevu ngazi moja, na mwangalie kama hewa inatorokea mdomoni. Maji yakimdondokea usoni, mvuke unapoa ndani ya mpira: punguzeni unyevu, ufunikeni mpira kwa kitambaa, na mashine ikae chini ya usawa wa kichwa. Tumbo likijaa gesi, anameza hewa. Anyanyue kichwa kidogo na kliniki iangalie msukumo. Akienda chooni, abandue mpira tu, barakoa ibaki usoni. Kisha someni kioo cha mashine: kama mikato iko juu ya 5 kwa saa wiki baada ya wiki na hakuna uvujaji, arudi kliniki, kwani baadhi ya watu hupata mikato ya aina nyingine inayohitaji mpango tofauti.

SWALI: Barakoa ya mume wangu inanipuliza usoni usiku kucha. Naweza kuziba vile vitundu vya mbele?

JIBU: Hapana, kamwe. Ndivyo vinavyotoa hewa aliyokwisha kuitumia. Ukiviziba, ataivuta tena. Geuzeni upande wa kulala, weka mto mwembamba kati yenu, au aombe aina inayotawanya hewa kwa vitundu vidogo vingi. Mlio ukizidi, chunguza kwanza kama barakoa inavuja, au chujio la nyuma ya mashine limejaa vumbi.