Mashine ya nyasi inazimika ikiwa kazini: iacheni jeti ya kabureta ipumzike

Swali: Shikamoo fundi. Niko Mafinga, nafyeka viwanja vya watu kwa mashine ya kusukuma, ile ya magurudumu manne, injini ya fostroki. Inawaka vizuri na kukata kama dakika kumi, kisha inakohoa na kuzimika. Nikiipumzisha kidogo inawaka tena. Tanki likiwa limejaa ndiyo inazimika mapema, likiwa nusu inavumilia. Fundi wa hapa alisema mafuta hayafiki ya kutosha, akatanua jeti, kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, kwa waya. Sasa inatoa moshi mweusi, inakunywa petroli kupita kiasi, na kuzimika iko palepale. Plagi nimebadilisha, chujio pia. Kifuniko cha tanki kilikuwa kinavujisha kwenye miteremko lakini nilishaweka nailoni chini yake, hakivuji tena. Fundi anataka ninunue kabureta mpya. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Kabureta usinunue kwanza. Toa hiyo nailoni uliyoitaja mwishoni kana kwamba haihusiki, maana nadhani mchawi wako ndiye huyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini mpaka leo nikifungua matanki ya mashine za nyasi naikuta imejaa tele.

Tanki lako liko juu ya kabureta, petroli inashuka kwa uzito wake tu. Kinachoshuka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, na hewa hiyo huingilia kwenye kitundu cha kifuniko, ambacho nailoni yako imekiziba. Umeshamimina mafuta ya kula kutoka kwenye dumu la lita 20 ukaona yanavyokwama na kugugumia mpaka hewa ipate pa kupita. Tanki lako linafanya hivyohivyo, ila huoni. Ndiyo maana likijaa mashine inazimika mapema: hewa iliyobaki juu ni kidogo, na petroli ikipungua kiasi kidogo tu mvuto unakuwa mkali. Likiwa nusu kuna hewa nyingi, kwa hiyo inachukua muda. Ukiipumzisha, hewa inapenya taratibu pembeni ya kifuniko, mashine inawaka, unadhani imepona. Hilo la tanki kujaa ulilieleza vizuri sana. Fundi wako angekusikiliza asingegusa jeti.

Thibitisha hivi. Ifanyie kazi mpaka izimike, kisha legeza kifuniko palepale. Ukisikia kama inavuta pumzi, na ikawaka mara moja, umemaliza. Kama hujaridhika, subiri injini ipoe, uwe nje mbali na moto na sigara, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta uuelekeze kwenye chupa ya kioo huku kifuniko kimefungwa. Mtiririko ukianza vizuri kisha ukanywea mpaka matone, na ukirudi ukifungua kifuniko, tatizo ni kitundu. Ukibaki dhaifu hata kifuniko kikiwa wazi, angalia chujio la ndani ya tanki na mpira wenyewe, kwani mpira mzee huachia vipande kwa ndani. Ukiwa na nguvu muda wote, hapo ndipo uanze kuishuku kabureta.

Tena kabla ya kuishuku, chomoa plagi mashine ikiwa imetoka kuzimika. Ikiwa kavu, mafuta hayakufika. Ikiwa imelowa na haitoi cheche, hiyo ni koili, ile inayopeleka umeme wa cheche, inayokufa ikipata joto, na kabureta tano mpya hazitakusaidia.

Kifuniko chenyewe osha kwa maji ya sabuni, kikaushe, kipulizie hewa. Kikiendelea kuvuja, nunua kingine, au badilisha ule mpira wake wa ndani. Usitoboe tundu kubwa kwa msumari: kwenye mteremko petroli itamwagikia sailensa ya moto.

Sasa jeti. Hapa nitasema kwa urefu, kwa sababu kila mvua zinapoanza Novemba na Desemba, naletewa mashine ambazo waya umeshapita. Wanaamini kwamba injini ikilia njaa, tundu ni dogo, basi litanuliwe. Tundu halikuwa dogo mashine ilipotoka kiwandani, na shaba haijawahi kusinyaa. Kama ilikuwa inakata vizuri mwaka jana, kuna kitu kimeziba au kimezuia, na kazi ya fundi ni kukitafuta. Kutanua ni kukwepa kazi.

Hesabu yake ni hii. Chukua jeti ya milimita 0.60. Ukiitanua ikawa 0.70, jicho halioni tofauti, lakini eneo la kupitisha mafuta limeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Na shaba ni laini, waya wa chuma unakwaruza hata kama nia ilikuwa kusafisha tu. Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Ikigoma kabisa, unywele mmoja wa brashi ya nailoni unatosha. Inua kwenye mwanga: ukiona duara safi, acha.

Kwetu huku kosa hili ni baya mara mbili. Mafinga iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini inavuta hewa kidogo, hivyo inahitaji petroli *pungufu* kuliko ile ya Dar es Salaam. Vitabu vya injini za Honda vinaeleza kwamba nguvu inapungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, na kwa sehemu za juu wanashauri jeti ndogo zaidi. Ndogo! Mtu anayetanua jeti Mafinga, Njombe au Makete anakwenda kinyume na mlima.

Kwako sasa madhara yako mawili. Jeti imeharibika, tafuta nyingine yenye namba ileile ya zamani, ikikosekana ndiyo ufikirie kabureta kamili. La pili hukulitaja: chomoa kijiti cha oili unuse. Petroli iliyozidi hushuka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inaingia chini. Ikinuka petroli, au oili imepanda juu ya alama, mwaga uweke mpya kabla hujawasha tena. Ringi za pistoni zikilika hutapona kwa bei ya kabureta.

Na wengine mnaosoma, msidhani mmesalimika kwa kuwa hamna mashine ya nyasi. Pampu za maji na mashine za kupulizia dawa kwenye viazi zinapitia mikono hiyohiyo. Wenye chenso huko Mufindi wana mkasa wao: kabureta zao zina skrubu za kurekebisha, na kuna vijana wanakaza ile ya mwendo kasi ili msumeno ulie kwa sauti kali. Kwenye tustroki oili inakuja pamoja na petroli. Ukipunguza petroli umepunguza oili, na pistoni inakwaruzika ndani ya zamu moja ya kazi.

Petroli ya kwenye chupa za maji barabarani mimi siigusi kabisa. Haijulikani imekaa jua la miezi mingapi, wala kama imechanganywa na mafuta ya taa. Na mvua zikiisha Mei, msiache petroli kwenye mashine mpaka Novemba. Ikikaa inaacha utando kama gundi kwenye kikombe cha kabureta na ndani ya jeti, na utando huo ndio unaomwita mtu wa waya. Funga koki ya mafuta, acha injini iende mpaka ijizimie yenyewe, kisha legeza skrubu ya chini ya kikombe umwage tone lililobaki. Isiyo na koki, mimina tanki kwanza.

Fundi akikushikia waya kabla hajafungua hata kifuniko cha tanki, mlipe muda wake uondoke na mashine yako.